Suti Nene Niliyojichagulia

Atupele mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani nzima ya wali na samaki wa magege, kisha ukapanda pick-up ya Ipinda kwenda kuwaaga shangazi zako wa Mbugani. Mama yako yuko nyuma ya nyumba, anapepeta mchele wa safari yako. Hapa mezani naliona ziwa lote hadi pale linapopotelea kwenye mawingu, na leo halina hata kunyanzi moja. Nimeona niandike sasa, kabla hujarudi, kwa sababu kila ukisimama mbele yangu maneno haya hukataa kutoka. Yamekataa miaka mingi.

Sitakuandikia juu ya kuangalia mizigo kwenye basi, wala juu ya watu wa kuwaamini na wa kutowaamini. Hayo mama yako amekuambia mara tatu, na mara ya nne itakuwa kesho asubuhi.

Juzi uliacha ile fomu ya kazi ya kituo cha kuzamia cha Mafia hapa mezani, ukaenda kuoga. Nikaisoma. Wanauliza urefu wako, uzito wako, namba ya kiatu, halafu swali la mwisho: suti ya kuzamia uitakayo, ya milimita tatu au ya milimita tano. Ulikuwa umezungushia tatu. Ulipotoka nikakuuliza mbona tatu, ukacheka. Ukasema, "Baba, bahari ya huko ni ya moto kama chai. Tano ni ya Wazungu wa nchi za barafu." Nilitoka nje nikajifanya natazama kuku. Nikiwa kule nikakusikia ukimwambia mama yako, "Baba hajawahi kuipenda kazi hii. Hata suti yangu hajawahi kuishika."

Ni kweli sijawahi kuishika. Tangu wale watafiti walipokuja kuhesabu samaki, wakakufundisha kuzama, umekuwa ukianika ile nguo nyeusi ya mpira kwenye kamba yetu, na mimi nimekuwa nikipita mbali nayo kama mtu anayepita mbali na mbwa asiyemjua. Ukadhani ni dharau. Nilikuacha udhani hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukuambia sababu.

Ulikuwa na miaka mitatu. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kyela yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kunukia, redio, na mitumba ya rangi tusizozijua majina. Kwetu sisi wa bandari ya Itungi, ruksa ilikuja na barua za kupunguzwa kazi. Nilikuwa fundi msaidizi kwenye chumba cha mashine cha meli. Nikarudi Matema na kibegi cha spana, pamoja na kile Kiingereza changu cha kusoma maandishi ya kwenye mashine.

Mjomba wako Ambilikile, kaka wa mama yako, alikuwa mvuvi kule Ikombe. Wewe umemjua akiwa mtu wa magongo mawili. Ungemwona wakati ule. Alikuwa mwembamba kama pondo, na aliweza kuzama kwa pumzi yake tu akaenda kunasua wavu uliokwama kwenye mawe, akakaa chini mpaka watu wa kwenye mitumbwi wakaanza kutazamana. Akitoka hakuhema. Alikuwa anatabasamu tu, kama mtu aliyetoka kusalimia jirani.

Mwaka ule akaja Mzungu mmoja aliyetaka samaki wa mapambo. Tulicheka tuliposikia. Samaki wale wadogo wa kwenye mawe, wa buluu na wa manjano, ambao hata paka huwatazama mara mbili kabla ya kuwala, kumbe huko ng'ambo watu wanawafuga ndani ya vioo sebuleni. Serikali ilikuwa imeruhusu kuwauza nje. Mzungu yule akatafuta watu wawili wasioogopa maji. Ambilikile alichaguliwa kwa sababu ya pumzi yake, mimi kwa sababu nilijua kuhudumia kompresa ya kujazia mitungi ya hewa. Alitufundisha majuma matatu, akaondoka, akatuachia mitungi na orodha ya samaki.

Katika majuma yale matatu tulizama na kaptula na fulana. Niseme ukweli, baridi ilinitesa. Juu ziwa letu ni vuguvugu, wewe unajua, watoto wanakaa humo kutwa. Lakini mtu akishuka na mtungi, akakaa chini saa nzima bila kusogea sana, akivizia samaki kwa wavu mdogo, maji humnyonya joto polepole kama mtu anayenyonya muwa. Hayana haraka. Nilikuwa natoka nikiwa na meno yanayogongana, nikajificha nyuma ya kompresa ili Ambilikile asinione.

Mzungu alikuwa amemwachia Mzee Seifu kazi ya kututafutia nguo za kuzamia. Mzee Seifu alikuwa na duka Mbugani, mtu wa asili ya Kilwa, mpole, aliyeuza mitumba na vitambaa. Siku moja akatuita. Alikuwa ametandaza suti mbili kwenye benchi la duka lake, nyeusi zote mbili, kama vivuli vya watu waliokwenda zao.

"Nimezipata Dar kwa shida," alisema. "Ni hizi tu. Gawaneni kwa amani."

Nilizishika. Moja ilikuwa nene kama soli ya kandambili iliyochakaa, nyingine nyembamba kama ganda la ndizi. Ndani ya kola kulikuwa na namba, tano kwenye moja na tatu kwenye nyingine. Na ndani ya mfuko zilimokuja kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Niliisoma nimesimama pale dukani. Ilisema milimita tatu zatosha kwa maji ya nchi za joto, kwa mtu azamaye mara moja kwa muda mfupi. Lakini anayekwenda chini sana, au anayezama mara kadhaa kwa siku, au mwenye mwili mkavu usio na mafuta, huyo avae tano.

Ambilikile alikuwa begani kwangu. Alijua kusoma, lakini si Kiingereza. Akaniuliza, "Shemeji, zinasemaje?"

Nikamtazama. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Mimi nilikuwa bado na mwili wa melini, wa ugali mara mbili kwa siku. Karatasi ile ilikuwa imemtaja yeye, mwanangu, kama iliyomjua tangu utoto.

Nikasema, "Hii nene ni ya wanaojifunza, inawasaidia kuelea. Hii nyembamba ndiyo ya wazamiaji hodari."

Akatabasamu, akaichukua nyembamba, akaikunja kwapani. "Basi wewe chukua ya wanafunzi, shemeji." Mzee Seifu akacheka. Na mimi nikacheka.

Sikumchukia mjomba wako. Nataka ulijue hilo kwa sababu watu hudhani kwamba anayemdhuru mwenzake lazima awe na chuki ndani. Niliogopa baridi, basi. Nilitaka kuwa na joto, na neno la uongo lilikuwa karibu na mkono kuliko neno la kweli.

Yaliyofuata ni miezi ambayo mpaka leo naiota. Wewe umekwisha kuyaona ya chini, kwa hiyo siwezi kukudanganya, lakini sisi hatukuwa na mtu wa kutusimulia kabla. Tulikuwa tunashuka mbele ya Ikombe, pale milima inapoingia ziwani moja kwa moja bila kusimama, na ilikuwa kama kushuka mlima uleule kwa upande wake wa pili. Mawe makubwa kama nyumba, na kila jiwe lina wenyeji wake. Nuru ya jua ilikuwa inashuka kwa vipande, inatikisika, mpaka inafika mahali inachoka na kugeuka buluu, na humo ndani ya buluu samaki wa manjano walikuwa wakiwaka kama taa za vibatari. Kuna mama samaki anayefungua kinywa na watoto wake wote wanakimbilia ndani, akafumba, akakutazama. Mara ya kwanza kumwona nilisahau wavu mkononi. Nilimgeukia Ambilikile, naye alikuwa ameusahau wake. Tulielea pale, watu wazima wawili, hakuna sauti isipokuwa pumzi zetu.

Nikiwa ndani ya ile suti nene nilikuwa na joto kama mtoto mgongoni mwa mama. Kila nilipoona raha hiyo nilijua inatoka wapi. Nilikuwa namwona Ambilikile akisugua mikono yake miwili. Nilikuwa namwona akitetemeka. Tukiwa mtumbwini, namuuliza, "Baridi?" Anajibu, "Hapana." Angejibu nini kingine? Nilimwita hodari mbele ya watu. Nilikuwa nimemvika jina lisilomruhusu kusema anaona baridi, na jina lile lilikuwa jembamba kuliko ile suti.

Ukaja wakati wa upepo wa kusini. Ziwa lilichafuka siku tano mfululizo, hatukuweza kuingia. Mzungu alikuwa ametuma orodha ya samaki wa chini sana, na ndege ya kuwabeba haingengoja. Siku ya sita upepo ukalala. Tukaamka tukakuta ziwa kama lilivyo leo, kimya, linang'aa. Tukashukuru Mungu, tukapakia mitungi.

Pale pwani ya Ikombe alikuwepo Bibi Tupokigwe, mfinyanzi, mjane, amekaa anakanda udongo wake. Akatuita. "Wanangu, mnakwenda wapi leo?"

"Tunashuka, bibi. Upepo umetulia."

"Ndiyo siku ya kutoshuka hiyo," akasema. "Upepo ukisukuma siku nyingi, siku unapolala ziwa hujigeuza kitandani. Maji ya chini yanapanda juu. Mume wangu alikuwa hatupi wavu siku kama hii. Ngojeni kesho kutwa."

Ambilikile akamshukuru kwa adabu, akasema, "Ndaga fijo, bibi," na tukaendelea. Sisi tulikuwa na mashine na mitungi. Tungesikilizaje maneno ya kwenye udongo? Baadaye, miaka mingi baadaye, mmoja wa wale watafiti wako alinichorea kwenye karatasi jinsi upepo unavyolikandamiza ziwa upande mmoja, na unapoachia, maji ya baridi hurudi yakipanda upande huu wetu. Nikaitazama ile michoro yake. Ilikuwa ni Bibi Tupokigwe neno kwa neno.

Maji ya siku ile sijawahi kuyaona tena. Hata mimi ndani ya tano niliyahisi. Na wewe unajua jambo ambalo sisi hatukulijua: ule mpira una vipovu vya hewa ndani, na mtu akishuka maji huvibana. Kule chini tano inabaki kama tatu, na tatu inabaki kama shati. Tukashuka mara ya kwanza, tukapata samaki wachache. Mara ya pili Ambilikile alishindwa kufunga mdomo wa wavu wake, vidole vimekataa, nikamfungia mimi. Tukiwa mtumbwini, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikatazama orodha. Nikatazama ndoo. Nikanyanyua kidole kimoja: mara moja tu tena.

Naandika hapa polepole, Atupele. Ni mimi niliyenyanyua kidole. Yeye alikuwa akinitazama ili nikinyanyue au nisikinyanyue.

Mara ya tatu, tukiwa chini kabisa, niliona ameacha kutetemeka. Nikajisemea, vizuri, amezoea. Wewe unayesoma hapa umekwisha kushika kichwa, maana unajua mwili ukiacha kutetemeka ndipo baridi imeushinda. Mimi nilifurahi. Kisha nikamwona ameachia wavu, unaelea wenyewe, naye amenyoosha mikono kama anayetaka kupokea kitu. Maji yakaingia kwenye miwani yake, akajaribu kuyatoa na mikono ile isiyoshika, akashtuka, akaenda juu. Alikwenda moja kwa moja, bila kusimama njiani kama tulivyofundishwa, ili hewa iliyoingia damuni itoke polepole. Nilishika pezi lake likaniponyoka.

Nilipomfikia alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi anacheka. "Sijambo shemeji, sijambo." Akapanda mwenyewe, akakaa. Nikapiga kasia. Tulipokaribia nchi kavu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia mvua inakuja, "Shemeji, miguu yangu siioni." Ilikuwa pale mbele yake. Alimaanisha haihisi.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alituambia kwamba mashine ya kumrudisha mtu katika mgandamizo ule iko mbali, na siku zilikwisha kupita. Alikaa kitandani miezi minne. Aliinuka na magongo, nayo unayajua.

Sasa nakuja kwenye kosa langu lililo kubwa kuliko la suti.

Watu walitaka kujua kilichompata. Mtu aliyezama bila mtungi tangu utoto, leo na mtungi mgongoni anapooza? Na mwenzake yuko mzima? Mmoja akakumbuka kwamba Bibi Tupokigwe alituita tukapita. Akasimulia. Mwingine akaongeza. Jumapili mbili hazikupita, ikawa bibi ndiye aliyemfunga Ambilikile miguu, kwa sababu tulidharau neno lake. Wanawake waliacha kwenda naye kuchimba udongo. Jumamosi, siku ya soko la vyungu hapa Matema, vyungu vyake vilikaa chini mpaka jioni hakuna aliyevigusa. Watoto wakaanza kumkimbia. Alikuwa mzee na alikaa peke yake.

Walikuja kuniuliza mimi, kama shahidi. "Ni kweli alisema msiende?" Nikasema ndiyo, alisema. Na nikaishia hapo. Sikusema uongo hata mmoja siku ile. Nilisema kweli fupi, nikaiacha ifanye kazi ya uongo.

Miaka miwili, mwanangu. Nilikuwa nikipita Ikombe namwona bibi amekaa na vyungu vyake vimepangwa nyuma yake hadi mlangoni, maana hakuacha kufinyanga. Alikuwa ananiamkia. Namwitikia, naongeza hatua.

Iliyonivunja si dhamiri, usinisifu bure. Ni wewe. Ulikuwa na miaka mitano na nusu, tumekwenda kumwona mjomba wako, ukamwuliza kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona, "Mjomba, ni kweli yule bibi wa vyungu alikula miguu yako?" Ambilikile alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, bila hasira yoyote, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu ili waondoke.

Mama yako alikutoa nje. Nikamwambia Ambilikile yote. Karatasi, namba, maneno niliyoyasema dukani. Nilisema nikiwa natazama sakafu.

Akayaegemeza magongo yake ukutani. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juma la kwanza. Ningeachaje kujua, shemeji? Mimi ndiye niliyekuwa nikiona baridi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?" Akacheka kidogo. "Mimi niliona haya kuomba. Nikasema nitangoja anipe mwenyewe. Haya yangu na uongo wako, ndivyo tulivyokuwa tunashuka navyo kila siku." Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini mimi nina dada yangu, nina watoto, watu wananiletea uji. Yule bibi hana mtu. Kwangu umekwisha kusema. Nenda kaseme kwake."

Nilikwenda Jumamosi, sokoni, kwa sababu yaliyosemwa sokoni hayarudishwi nyumbani kwa mtu kwa siri. Nilisimama mbele ya vyungu vyake nikawaambia waliokuwepo. Sauti yangu ilitetemeka na baadhi walicheka, wakidhani nimekunywa. Nikarudia tena. Mara ya pili hawakucheka. Mtu mmoja wa ukoo wa mama yako alinitemea mate miguuni, na sikumlaumu.

Bibi Tupokigwe alinisikiliza mikono yake ikiwa magotini. Nilingoja anilaani au anisamehe. Alisema, "Ndaga. Una mtumbwi?"

"Ninao, bibi."

"Basi Jumamosi ijayo uje mapema. Vyungu ni vingi, na mgongo wangu umechoka."

Hakuniambia neno jingine juu ya jambo lile mpaka alipofariki. Nilimpigia kasia kila Jumamosi kwa miaka sita. Kule mwanzoni watu walinunua chungu kimoja kimoja, kwa aibu, bila kumtazama. Baadaye ikawa kawaida. Wewe mwenyewe umewahi kukaa kwenye mtumbwi ule katikati ya vyungu, ukipiga kimoja kimoja kwa kidole usikie sauti yake, naye anakufundisha kuijua sauti ya chungu chenye ufa. Pengine umesahau. Ulikuwa unasinzia kabla hatujafika, kichwa kwenye kanga yake.

Mama yako nilimwambia mwenyewe jioni ileile ya sokoni. Hakunisemesha siku nne. Siku ya tano akasema chumvi imekwisha. Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa msamaha au ilikuwa chumvi tu, na nimeridhika kutojua.

Kwa hiyo fomu yako. Ile karatasi ya kwenye mfuko niliikariri bila kutaka. Bahari ya Mafia ni ya joto, ni kweli, na mgeni anayekuja kuzama mara moja na kurudi kunywa soda, tatu yamtosha. Lakini wewe si mgeni. Wewe ndiye utakayeshuka na wageni hawa, uwapandishe, ushuke na wengine. Utakuwa unaelea mahali pamoja ukiwangoja wao wapige picha, na anayengoja hupoa kuliko anayeogelea. Kuna miezi ya kusi ambapo hata bahari ile hupoa. Na mwili umeuchukua wa mjomba wako, si wangu; nimekuona ukitoka ziwani. Mpira wa mitumba huchoka, kwa hiyo tano ya zamani usiihesabu kuwa tano. Suti iliyokupwaya hata ikiwa nene ni bure, maji yanaingia na kutoka kama wapangaji. Mimi ningezungushia tano. Lakini sikuigusa fomu yako, iko palepale ulipoiacha. Nimemchagulia mtu suti mara moja katika maisha yangu, inatosha.

Na ukiwa na mwenzako aliyevaa nyembamba kuliko wewe, hesabu muda kwa mwili wake. Usimwulize kama anaona baridi mbele ya watu. Mwambie wewe unaona baridi, hata kama huoni. Utashangaa atakavyoshukuru. Huo ni uongo ninaokuruhusu.

Jana nilikwenda kwa Ambilikile nikamwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Alikuwa mlangoni anashona wavu. Akasema niandike yote, nisijipunguzie. Kisha akaweka sindano chini na kuniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika miaka hii yote, na akataka ulipate kama alivyolisema.

Alisema, "Mwambie mwanetu kwamba kule chini siku ile, mwishoni, baridi iliisha. Nilihisi joto. Samaki wote walisimama, wakanigeukia, kama wanaongoja niseme kitu, na mimi nilikuwa na kitu cha kuwaambia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Sikutaka kupanda tena. Mwambie hivyo. Akifika mahali pazuri namna ile, asikae. Apande polepole, lakini apande."

Nasikia honi ya pick-up kule barabarani. Mama yako ameacha kupepeta, anakwenda kukupokea. Nami nakuja.

Ni mimi baba yako,
Anyosisye
Matema